Dozi Iliyosubiri Chombo cha Mizigo

Simu ilipolia nyumbani kwa Stephan Moll, bingwa wa magonjwa ya damu wa Chuo Kikuu cha North Carolina, aliyeipokea alikuwa mkewe. Akamwambia mumewe kwamba anatafutwa kutoka angani. Mpigaji alikuwa mgonjwa wake, mwanaanga katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita kama 400 juu ya vichwa vyetu, mwenye damu iliyoganda katika mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto. Jina lake limefichwa, lakini tiba yake ilichapishwa mwaka 2020 katika New England Journal of Medicine.

Donge hilo liligunduliwa kwa bahati. Mwanaanga huyo alikuwa na miezi kama miwili angani, hana maumivu yoyote, akipimwa shingo kwa altrasaundi kwa ajili ya utafiti wa mishipa uliohusisha wanaanga 11. Kwa 6 kati yao, damu ya mshipa huo ilionekana imetuama au inarudi ilikotoka.

Sababu iko kwenye uzito. Huku chini, ukisimama, damu ya kichwani huteremka kwa uzito wake yenyewe. Angani uzito huo haupo: majimaji hupanda kichwani, uso hutuna, miguu hukonda, na mshipa wa shingo hubaki umejaa. Damu isiyotembea huganda, na kipande kikimeguka kinaweza kuziba mapafu. Lakini dawa ya kuzuia mgando nayo hufanya jeraha litoke damu kwa wingi, na kituoni hakuna chumba cha upasuaji.

Kituoni kulikuwa na vichupa 20 vya dawa ya sindano, enoxaparin, kila kimoja miligramu 300. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kuhesabu. Hata kuvuta dawa kulikuwa kazi: muuguzi wa duniani hupindua kichupa, dawa ikashuka mdomoni na hewa ikapanda, ilhali angani dawa hung'ang'ania kuta za kichupa.

Madaktari walianza na dozi ya miligramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, mara moja kwa siku. Baada ya siku 33 wakaishusha hadi miligramu 1. Shabaha ilikuwa kuivuta akiba mpaka chombo cha mizigo kilete vidonge vya apixaban. Muda wote huo mwanaanga alijipima mwenyewe: yeye alishika kichwa cha mashine, wataalamu duniani wakasoma picha na kuuelekeza mkono wake. Donge likapungua polepole. Vidonge vilisitishwa siku 4 kabla ya kurejea, na siku 10 baada ya kutua donge lilikuwa limetoweka.

Wengi husifu altrasaundi katika kisa hiki, na inastahili. Lakini iliyobeba tiba yote ni kamba inayounganisha kituo na dunia: mshauri anayejibu papo hapo, mzigo unaofika kwa ratiba, na safari ya saa chache ya kurudi nyumbani mambo yakiharibika.

Safari ya Mirihi inaikata kamba hiyo. Mawimbi ya redio yatachukua dakika 3 hadi 22 kwenda tu, kwa hiyo agizo la "sogeza kushoto kidogo" litafika mkono ukiwa umeshahama. Mashine italazimika kumwongoza mpimaji yenyewe. Kabati la dawa ni gumu zaidi: mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya dawa zinazowekwa kituoni zingepitwa na muda kabla ya safari hiyo ya miaka kama mitatu kwisha.

Madaktari walithubutu kupunguza dozi kwa sababu walijua mzigo uko njiani. Atakayeugua katikati ya njia ya Mirihi atagawa vichupa vyake bila tarehe ya kusubiri.