Kizuri Chajiuza? Vinyago vya Wamakonde na Hukumu ya Soko

Methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza hukubaliwa na watu wengi bila ya kupimwa. Katika habari ya mkeka au chungu yaweza kuwa kweli, maana mwuzaji na mnunuzi hutumia kitu kile kile nyumbani mwao, na macho yao wote wawili yamefunzwa na matumizi mamoja. Mwanamke anunuaye mkeka huujua ukili uliosukwa vema kwa kuupapasa tu. Lakini kinyago cha mpingo hununuliwa aghalabu na mgeni asiyepata kuona kingine ila juzi, asiyejua lugha ya aliyekichonga, na ambaye kesho atapanda ndege kwenda kwao. Mbele ya mnunuzi wa namna hiyo kizuri hakijiuzi. Husemewa, na anayekisemea aghalabu si mchongaji.

Hukumu iliyozoeleka juu ya vinyago hivi ni kwamba biashara imeviharibu: kwamba zamani Mmakonde alichonga kwa ajili ya mila, na sasa achonga kwa ajili ya watalii, kwa hiyo kazi ya zamani ni sanaa na kazi ya sasa ni bidhaa. Mwaka 1992 Sidney Kasfir alilishambulia wazo hili, akionyesha kwamba huo unaoitwa uhalisi wa sanaa ya Kiafrika ni kipimo cha wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, wala si cha wachongaji. Alisema kweli, na vinyago vya Wamakonde vyamshuhudia kuliko alivyohitaji. Kinyago cha kuvaa katika ngoma za jando, kiitwacho lipiko, huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu hukaa kichwani pa mtu, na mtu huyo hucheza. Mpingo ni mzito hata kipande chake huzama majini. Nani angecheza nao? Kuchonga mpingo kwa wingi kulikuja pamoja na wanunuzi: kwanza wamisionari na maofisa wa Kireno katika uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini ya Msumbiji, kisha wafanyabiashara wa Dar es Salaam, baada ya Wamakonde wengi kuvuka mto Ruvuma wakikimbia kazi za shuruti na kutafuta ujira katika mashamba ya mkonge. Basi ule weusi unaosifiwa leo kuwa alama ya asili ulikuwa alama ya soko tangu siku zile.

Mfano ulio wazi zaidi ni mtindo wa shetani. Wachunguzi wengi humtaja Samaki Likankoa kuwa mwanzilishi wake, mwishoni mwa miaka ya 1950, na humtaja Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, kuwa mnunuzi aliyempa moyo. Katika kazi hizi ziwa hugeuka mkono, mdomo hushuka mpaka tumboni, jicho moja latosha uso mzima. Mchongaji haupingi mti. Huufuata pale ulipopinda, na pengine huuacha ule utomvu mweupe wa nje uonekane kandokando ya kiini cheusi. Je, soko liliharibu kitu hapa? La. Mnunuzi hakuijua sura ya pepo wa Kimakonde, wala hakuweza kusema imekosewa. Na kutojua kwake kukawa uhuru wa fundi. Wahenga walisema kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi. Wachongaji hawa walipata bahati ya kuchonga kinachomtisha mwingine, naye akalipa.

Walakini uhuru huo una mpaka wake, na mtindo wa ujamaa ndio unaouonyesha. Mwanzo wake hunasibishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Ni nguzo ya watu waliopandana wakibebana, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 jina lake lilipatana sana na siasa ya nchi. Jina likauza. Nguzo zikazidi kuchongwa, na mwenye kuzitazama moja baada ya moja ataona tofauti kubwa isiyotajwa na jina hilo. Katika nguzo njema uzito hupita. Unyayo wa huyu umekanyaga bega la yule, shingo ya yule imelemewa, mkono umeshika kifundo cha mguu ulio juu yake. Jicho laweza kufuata toka chini hata juu ni nani ambebaye nani. Mzee akiwa chini kabisa, magoti yake yaeleza habari ya wote. Katika nguzo mbaya vichwa vimepangwa kama maembe kapuni, hapana abebaye wala abebwaye, na nguzo ingesimama vile vile hata nusu ya watu wakiondolewa. Zote mbili dukani huitwa ujamaa, na bei hufuata urefu.

Ni wepesi kumlaumu fundi kwa kurudia. Lakini gogo hununuliwa kabla ya kinyago kuuzwa, nguzo kubwa huchukua miezi, na mwenye duka mara nyingi hupokea kazi kwa mali kauli, akalipa atakapouza. Unga haununuliwi kwa mali kauli kila siku. Fundi aliye na shetani mpya kichwani huchonga kwanza simba watatu na mama na mtoto, kwa kuwa hao wana mnunuzi leo. Wengine huchukua mti mwepesi wakaupaka kiwi ya viatu. Hilo ni udanganyifu, wala halina utetezi, ila yafaa lijulikane kuwa limezaliwa katika soko lisilotofautisha.

Upungufu wa wahakiki wenyewe ni mkubwa zaidi. Hapana mwanachuoni awezaye kuandika “shairi la Mombasa” akanyamaza, asiulize kama ni la Muyaka au la mwingine. Lakini huandika “kinyago cha Kimakonde” na kalamu isitetemeke. George Lilanga alianza kwa kuchonga, na jina lake lilikuja kuenea zaidi kwa picha za rangi, ambazo hutiwa sahihi. John Fundi alionyeshwa Paris mwaka 1989 kwa jina lake mwenyewe, naye ni mmoja katika wengi. Katika kabati nyingi za makumbusho ya Ulaya kibandiko hutaja kabila, mti, na mwaka kinyago kilipopatikana. Na jina la mtu, likiwapo, ni la yule aliyekitoa zawadi.