Neno "Kama" katika Ushahidi wa Marubani

Jina la Mkwajuni likitajwa Unguja, aghlabu fikra za msikilizaji huelekea Kaskazini A, kwenye mji ulio katika njia ya kwendea Nungwi. Likitajwa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania Bara, huelekea mji mwingine kabisa: makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nchi ya dhahabu ya Lupa na ya mgodi wa zamani wa Saza. Jina ni moja, mahali ni pawili, na asiyeuliza "Mkwajuni ya wapi?" huenda akapotea kabla hajaanza safari.

Swali la namna hiyo ndilo linalokosekana mno katika mjadala wa vitu visivyotambulika angani vinavyoripotiwa na marubani wa kijeshi. Huko nako jina ni moja na vitu ni vingi. Juni 2021, Ofisi ya Mkurugenzi wa Upelelezi wa Taifa ya Marekani ilitoa ripoti iliyokusanya taarifa 144, nyingi zikiwa za watu wa jeshi la majini. Ni moja tu iliyoelezwa kwa uhakika: puto kubwa lililokuwa likiishiwa hewa. Zilizosalia ziliwekewa mafungu ya maelezo yanayowezekana: ndege hai, maputo na droni, hali za hewa, vyombo vya Marekani yenyewe, vyombo vya mataifa mengine, na fungu la mwisho la "mengineyo". Wengi waliosoma habari hizo waliruka mafungu yote, wakatua kwenye la mwisho.

Mpenzi wa ushairi anaweza kudhani kwamba mambo hayo ni ya wanajeshi na wanasayansi, hayamhusu. Yanamhusu. Ripoti ya rubani ni matini. Ina msimulizi, ina hadhira, na ina tamathali inayoibeba kuliko rada na kamera, nayo ni tashbihi. Wanabalagha wa Kiarabu waliigawa tashbihi katika nguzo nne: kinachofananishwa, kinachofananishiwa, chombo cha kufananishia, ambacho kwa Kiswahili mara nyingi ni neno "kama", na sura ya mfanano, yaani lile jambo ambalo vitu viwili vinashirikiana. Mshairi akidondosha chombo pamoja na sura ya mfanano, tashbihi yake huitwa baligh, na husifiwa kuwa imefika kilele cha ufasaha. Asemaye "yeye ni simba" amemshinda asemaye "yeye ni kama simba kwa ushujaa".

Katika ushairi hiyo ni sifa. Katika ushahidi ni hasara, na historia ya vitu visivyotambulika ilianza kwa hasara hiyo. Tarehe 24 Juni 1947, Kenneth Arnold, rubani wa kiraia, alikuwa akiruka karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington nchini Marekani, alipoona vitu tisa vikipita kwa kasi kubwa. Alipowasimulia waandishi wa habari, alifananisha mwendo wa vitu hivyo na mwendo wa kisahani kilichorushwa juu ya maji. Mtoto wa pwani aliyewahi kurusha kigae ufukweni maji yakiwa shwari anaujua mwendo huo: kigae hugusa, hudunda, hugusa tena, hudunda tena. Sura ya mfanano ilikuwa mwendo. Magazeti yaliidondosha, yakadondosha na neno "kama", pakabaki "visahani vinavyoruka". Mwendo ukageuzwa umbo, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wakaanza kuona visahani angani.

Marubani wa kijeshi wa karne hii wamekuwa waangalifu zaidi. Tarehe 14 Novemba 2004, Kamanda David Fravor wa jeshi la majini la Marekani, aliyekuwa katika kikosi cha manowari ya kubebea ndege Nimitz, alitumwa kuchunguza jambo baharini kusini mwa California, baada ya manowari Princeton kuona kwa rada vitu visivyoeleweka. Aliona maji yakichafuka, na juu yake kitu cheupe, laini, chenye urefu alioukadiria kuwa mita 12, kikienda huku na huku bila mpango, kisha kikatoweka kwa kasi. Alikifananisha na peremende ndogo ziitwazo Tic Tac. Julai 2023 aliyarudia hayo kwa kiapo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani.

Tashbihi hii imesimama vizuri kuliko ile ya 1947. Sura yake ya mfanano ni umbo na rangi, basi. Hata magazeti yalipoiita "tukio la Tic Tac", hasara ilikuwa ndogo, kwa kuwa kilichohamishwa ndicho kilichokusudiwa. Aidha, sehemu kubwa ya maelezo yake imejengwa kwa kukanusha: hakina mabawa, hakionyeshi moshi, hakina alama ya injini. Ukanushi wa aina hiyo ni uaminifu. Msemaji hutaja kila anachokijua, kimoja baada ya kingine, na kuonyesha kuwa alichokiona hakimo katika orodha.

Hata hivyo, pana udhaifu usioonekana kwa haraka. Mita 12 hukadiriwa kwa umbali, na umbali hukadiriwa kwa ukubwa. Juu ya bahari tupu, pasipo mnazi wala jahazi la kupimia, makadirio hayo mawili huegemeana kama vipofu wawili barabarani. Udhaifu huo ulidhihirika katika filamu iliyopigwa na ndege ya kijeshi ya Marekani mwaka 2015, ikaenea kwa jina la GoFast, maana yake "nenda kasi". Kitu kidogo kinaonekana kikikata mbio juu ya mawimbi. Jopo huru lililoundwa na NASA lilitumia tarakimu zilizoandikwa kwenye filamu hiyohiyo, na katika ripoti yake ya Septemba 2023 likaonyesha kwamba kitu hicho kilikuwa juu sana, kiasi cha mita 4,000, kikienda takriban kilomita 64 kwa saa, mwendo unaolingana na upepo wa huko juu. Mbio zilizoonekana zilitokana zaidi na mwendo wa ndege iliyokuwa ikipiga picha. Jopo halikusema kitu hicho ni nini. Lilivua jina tu.

Visiwa vya Waswahili vina mfano wa ripoti ya namna nyingine. Tarehe 11 Julai 1915, ndege ya Waingereza iliruka kutoka Mafia kwenda kuangalia mizinga ya manowari za Severn na Mersey, zilizokuwa zikiishambulia manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Rubani alikuwa J. T. Cull na mwangalizi wake H. J. Arnold. Ndege yao ilipigwa, ikaanza kushuka, na Arnold akaendelea kupeleka kwa redio masahihisho ya shabaha mpaka ilipoanguka majini. Wote wawili waliokolewa. Ripoti ile haikuwa na tashbihi hata moja, wala haikuihitaji: msemaji na msikilizaji walijua kinachotazamwa ni nini, na kilichobaki ni kusema kombora limeanguka mbele au nyuma, kulia au kushoto.

Hapo ndipo tofauti inapojulikana. Tashbihi ya rubani aliyeona asichokijua ina nguzo tatu tu. Kinachofananishiwa kipo, ambacho ni sahani au peremende; chombo kipo; sura ya mfanano ipo. Nguzo ya kwanza, kinachofananishwa, haipo, kwa maana hakina jina. Msomaji asiyestahimili pengo hilo hukichukua kinachofananishiwa na kukiweka mahali pake. Mwingine, asiyestahimili vilevile, huliziba pengo kwa kicheko. Usilolijua ni usiku wa giza, na wote wawili wanadai kuona mchana.

Kiswahili chenyewe kimepita njia hii. Katika miaka ya 1930, ndege za Imperial Airways zilizokwenda kusini mwa Afrika zilikuwa zikitua Mbeya, wakati wachimbaji wakimiminika Lupa kutafuta dhahabu. Chombo kile kilihitaji jina, na lugha ikakipa jina la kiumbe mwenye mbawa: ndege. Neno hilo lilikwisha beba maana ya dalili pia, kwani wazee husema ndege njema na ndege mbaya. Leo hakuna anayekumbuka kwamba kuliita ndege lile dude la chuma kulikuwa tamathali. Sitiari imekufa, wala haimdhuru mtu, kwa sababu kila mmoja amekwisha kuiona ndege uwanjani na anajua haitagi mayai. Sitiari huwa salama kufa pale kitu chenyewe kinapojulikana. Ikifa mapema, humzika shahidi pamoja nayo.

Katika mkoa huohuo wa Songwe, kwenye kilima cha Marengi wilayani Mbozi, lipo jambo lililotoka angani na kushikika kwa mkono. Kimondo cha Mbozi ni pande la chuma lenye urefu wa kama mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, asilimia 90 hivi ikiwa chuma na sehemu kubwa ya iliyobaki ikiwa nikeli. Shimo la kuangukia halionekani. Masimulizi ya Kiislamu yanayojulikana sana pwani huvieleza vimondo kuwa mawe ya moto wanayopigwa mashetani wanaojaribu kuiba habari za mbinguni. Elimu ya nyota huvieleza kwa njia yake. Lakini vitabu vingi husema kimondo hicho "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott. Wenyeji walikuwa wakilijua jiwe lile tangu kale. Hawakuhesabiwa kuwa mashahidi kwa kuwa hawakuwa na cheo wala karatasi ya kuandikia ripoti.

Jambo hili ndilo zito. Rubani wa kijeshi husikilizwa kwa cheo chake, na hata yeye huogopa kuchekwa. Jeshi la majini la Marekani lilitangaza mwaka 2019 kuwa linatengeneza utaratibu mpya ili marubani waripoti bila woga, na ripoti ya 2021 ilikiri kwamba aibu na hofu ya kudharauliwa vimewanyamazisha wengi. Ikiwa mwenye cheo hunyamaza, mchimbaji wa Mkwajuni atasemaje?

Kusoma vizuri, basi, ni namna ya kumtendea haki aliyeona. Akitokea mchimbaji huyo kusema kwamba usiku ameona mwanga kama karabai juu ya bonde la Rukwa, msikilizaji asiandike kuwa karabai imeruka, wala asiulize mchimbaji amekunywa nini. Amwulize: kama karabai kwa mng'aro wake, kwa rangi yake, au kwa vile ilivyokuwa ikitikisika? Kisha aandike jibu, na neno "kama" aliache mahali pake.