Pasteur hakuonja uraka

Ukifika Kikole, kule Kilwa, msimu wa korosho, utakuta korosho inapelekwa kwenye mizani na mabibo mengi yanaachwa chini ya mkorosho. Yanayookotwa hukamuliwa, na maji yake huchachuka yenyewe, bila hamira ya dukani, yakawa uraka. Halafu anatokea msomi mmoja: "Hiyo imeingia bakteria, ni uchafu tu."

Kauli hiyo ina babu yake. Napoleon III alimtaka Louis Pasteur achunguze kwa nini mvinyo wa Ufaransa unaharibika. Kitabu chake, Études sur le vin, kilitoka mwaka 1866. Kwa hili nakisifu: kilionyesha kuwa magonjwa ya mvinyo yana vijidudu vyake, na kwamba kuupasha moto kiasi huvizuia. Kasoro yake ni ule mgawanyo: hamira ndiyo fundi, bakteria ni mharibifu. Mpaka leo tunaukariri hivyohivyo.

Mwaka 1913 Müller-Thurgau na Osterwalder walieleza kwa kina bakteria wanaogeuza asidi ya maliki kuwa asidi ya laktiki. Maliki ndiyo inayokukunja uso ukiuma tufaha bichi. Molekuli yake ina ncha mbili za asidi. Bakteria huondoa moja, ikatoka kama kaboni dayoksaidi. Inabaki laktiki, ileile ya mtindi, na ukali unapungua. Siku hizi watengenezaji wa mvinyo hununua bakteria aitwaye Oenococcus oeni na kumtia makusudi.

Lakini tusimgeuze bakteria malaika. Zabibu za nchi yenye joto, kama Dodoma, hupoteza maliki nyingi zikiivia mtini. Ukiipunguza tena, mvinyo unaweza kupooza. Na bakteria wa asetiki wakipata hewa, jiandae kupokea siki.

Bibo nalo lina maliki. Kwa hiyo, msomaji wangu, ukisimama mbele ya ndoo ya uraka usiulize kama kuna bakteria. Wapo. Uliza ni yupi, anakula nini, hewa inaingia kiasi gani, na ndoo ilioshwa vipi. Ndoo chafu ni kosa kweli, lakini hilo ni kosa la ndoo. Kazi inayoitwa ufundi ndani ya pipa la Bordeaux isiitwe uchafu Kikole kabla hatujapima chochote.