Nani Alale Wapi: Mada ya Udugu wa Vijana Ilivyochaguliwa Unyakyusa

Mwanafunzi wa chuo Marekani akipewa kazi ya kuandika kuhusu zile jumuiya za wavulana zenye majina ya herufi za Kigiriki, mara nyingi hukimbilia pombe au mateso wanayopewa wageni siku ya kupokelewa. Mada ya namna hiyo ina kasoro ya kiufundi: jibu limeshajulikana kabla ya swali, na mwandishi kazi yake ni kuokoteza ushahidi tu. Jumuiya hizo vyuo vyetu havina. Hata hivyo uchaguzi bora wa mada ya udugu wa vijana ninaoufahamu ulifanyika huku kwetu Tanzania, kwa Wanyakyusa, kati ya milima ya Rungwe na ufuko wa Ziwa Nyasa.

Mwanaanthropolojia Godfrey Wilson alifika Unyakyusa mwaka 1934, Kyela ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Rungwe. Mwaka uliofuata alimwoa Monica Hunter, mzaliwa wa Afrika Kusini, wakafanya utafiti pamoja hadi 1938. Waliandika karibu kila kilichopita mbele yao: misiba, mahari, kesi, tambiko, uchawi, mahubiri ya Wamoraviani na Walutheri, vijana waliokwenda kutafuta vibarua kwenye dhahabu ya Lupa. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica alibaki na rundo la madaftari ambalo lingeweza kutoa vitabu kumi. Kile alichotanguliza, Good Company cha mwaka 1951, alikijenga juu ya jambo moja: vijiji vya rika.

Mpangilio wenyewe ulikuwa hivi. Wavulana wachungaji wa miaka kama 10 au 11 walitoka nyumbani wakajenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Usiku walilala huko. Kula walikula kwa mama zao, tena kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, na mashamba ya baba waliendelea kuyalima. Wadogo waliwafuata, mpaka wakubwa walipokaribia miaka 18 wakafunga mlango; waliokataliwa wakaanzisha kijiji chao. Walipooa, wake waliletwa hapo hapo. Mara moja kwa kizazi ilifanyika sherehe kubwa ya ubusoka, baba wakawakabidhi wana utawala wa nchi.

Sasa tazama alichokifanya Monica. “Urafiki wa vijana” haushikiki, kwa hiyo aliutafuta mahali unapoacha alama juu ya ardhi: nani analala wapi, anakula kwa nani, mlango unafungwa lini. Hayo unaweza kuyahesabu kwa kutembea kutoka kibanda hadi kibanda. Kisha kulikuwa na kitendawili. Sehemu nyingi za Afrika kijiji kilikuwa cha ukoo. Hapa mtoto alitengwa na baba yake na kupewa majirani wa umri wake. Kwa nini? Wanyakyusa wenyewe walikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ukwangala, raha ya kukaa na wenzako mkila, mkinywa na kuzungumza. Ya pili ni heshima: mke wa kijana na baba mkwe wake hawakutakiwa hata kuonana, na kijana aliyekomaa hakutakiwa kulala karibu na wake za baba yake. Swali lenye sababu mbili zinazoweza kushindanishwa tayari ni mada.

Niongeze kwamba mtu hachagui mada peke yake. Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wa akina Wilson, aliyefariki mwaka 1938, ndiye aliyewafungulia milango mingi, na jina lake lilistahili nafasi kubwa zaidi ya ile liliyoipata.

Uchaguzi ule ulikuwa na gharama. Kijiji cha rika kilihesabiwa kwa wanaume. Mwanamke alionekana humo kama mama anayepika au mke aliyeletwa. Monica aliliendea suala la wanawake na wanaume waziwazi baadaye sana, katika For Men and Elders cha mwaka 1977. Pengo jingine ni ardhi. Philip Gulliver, aliyechapisha utafiti wake kuhusu ardhi ya Wanyakyusa mwaka 1958, alionyesha kuwa mfumo ule ulitegemea wingi wa ardhi. Kahawa ilipoota mizizi milimani na mashamba ya mpunga yalipopata thamani kwenye bonde la Kyela, nani angeacha shamba lake ahamie kijiji kipya na wenzake? Vijana wakaanza kubaki kwenye ardhi ya baba zao, na vijiji vya rika vikafifia. Kwangu mimi swali la Gulliver ndilo kali zaidi: udugu huu unalishwa na nini?

Swali hilo linahamishika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna kubebana: mwenye kitanda humlaza mwenzake aliyekosa chumba. Ukiandika “maisha ya hosteli” utapotea, lakini ukiuliza nani anambeba nani, wa mkoa wake, wa kozi yake au wa dhehebu lake, na kama uhusiano huo unadumu vyumba vinapopatikana, una kazi ya muhula mzima. Kyela mjini nenda kijiwe cha bodaboda: mgeni anaingiaje, anadhaminiwa na nani, lini wanasema wametosha? Na wanafunzi wa sekondari za kata wanaopanga mageto kwa sababu nyumbani ni mbali, jioni wanapika kwa zamu au kila mmoja na sufuria yake?