Uthabiti wa Kijenetiki wa Mwani Ulioboreshwa kwa Mafuta: Uhakiki wa Kipimo Kinachosahauliwa

Makala haya yanahakiki namna wapangaji wa sera wanavyoyapokea matokeo ya uboreshaji wa mwani wa seli moja. Mfano mashuhuri ni wa mwaka 2017. Watafiti wa Synthetic Genomics, kwa ushirikiano na ExxonMobil, walitangaza kwamba walipunguza nguvu ya jeni moja inayodhibiti utengenezaji wa lipidi katika Nannochloropsis gaditana, na mavuno ya lipidi yakaongezeka takriban maradufu bila ukuaji kudumaa sana. Ugunduzi huo una thamani. Kasoro imo katika usomaji unaoichukua tarakimu ya mavuno kuwa sifa ya kudumu, ilhali ni kipimo cha kipindi kimoja.

Hesabu ndogo yabainisha hatari. Seli inayolimbikiza mafuta hutumia nishati ambayo ingeiwezesha kugawanyika. Tuchukulie kwamba seli bora hugawanyika mara 1 kwa siku, na katika kila seli milioni 1 imezuka 1 iliyopoteza sifa hiyo, ambayo hugawanyika mara 1.1. Baada ya siku 200 hivi, makundi mawili hayo yatalingana kwa idadi. Bwawa litabaki kijani vilevile. Mafuta ndiyo yatakayopungua.

Afrika Mashariki ina funzo lililo karibu. Kilimo cha kibiashara cha mwani wa baharini Zanzibar kilianza mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na huendelezwa kwa kukata vipande vya mmea uleule. Maradhi na joto la bahari vilipouangusha mwani wa kotonii wenye bei nzuri, wakulima, wengi wao wanawake, walibaki na spinosamu wa bei ya chini. Matatizo haya hayafanani: kule nasaba ilikosa utofauti, huku nasaba hubadilika bila kuonekana. Hata hivyo, yote mawili yadai hazina ya mbegu inayotunzwa.

Yawezekana kujibiwa kwamba seli asilia huhifadhiwa katika nitrojeni kimiminika, kwenye nyuzijoto -196 za Selsiasi, na bwawa likaanzishwa upya. Jibu hilo ni sahihi, ila lina gharama. Nitrojeni huvukiza, na sharti iongezwe bila kukatizwa. Mshauri aliyeko Rohero, Bujumbura, hana budi kuuliza nani ataileta, na kwa bajeti ipi, ufadhili wa mradi utakapokoma.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba pendekezo lolote la mradi wa mwani lioneshe mavuno baada ya vizazi visivyopungua 300, katika mazingira ya bwawa na si ya maabara pekee, pamoja na mpango wa hazina ya mbegu. Pasipo hayo, serikali itakuwa imenunua tarakimu, wala si zao.