Urithi Bila Ardhi: Uhakiki wa Hadhi ya Shirikisho katika Ushoroba wa Gullah Geechee

Mwaka 2006 Bunge la Marekani liliutambua ukanda wa pwani na visiwa, kuanzia North Carolina hadi Florida, kuwa Ushoroba wa Urithi wa Utamaduni wa Gullah Geechee. Jamii hiyo ni wazawa wa Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya mpunga, pamba na nili, nayo imehifadhi Krioli yake, ususi wa vikapu na mapishi. Kwa watu ambao lugha yao ilibezwa kwa muda mrefu kuwa Kiingereza kibovu, kutambuliwa huko si jambo dogo.

Hata hivyo, udhaifu wa hadhi hiyo umo katika maana ya urithi wenyewe. Kwa Mswahili, urithi ni mila, na pia ni shamba aliloliacha marehemu. Sheria ya 2006 ilivitenganisha viwili hivi. Iliunda tume, ikaagiza mpango wa usimamizi na kuruhusu ruzuku, lakini haikutoa mamlaka yoyote ya shirikisho juu ya matumizi ya ardhi.

Ilhali kinachotoweka ni ardhi. Familia nyingi ziliimiliki bila wosia, kwa hisa zisizogawanywa. Aliyenunua hisa ya ndugu mmoja aliweza kuiomba mahakama iamuru eneo zima liuzwe. Nafuu ilipopatikana, ilitokana na sheria za majimbo kuhusu mali ya warithi, Georgia mwaka 2012 na South Carolina mwaka 2016.

Kijiji cha Hog Hammock, katika kisiwa cha Sapelo, Georgia, kinalidhihirisha hilo. Kimo ndani ya ushoroba, na tangu 1996 kimo pia katika rejista ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria. Septemba 2023 makamishna wa kaunti ya McIntosh walipandisha ukomo wa ukubwa wa nyumba kutoka futi za mraba 1,400 hadi 3,000, huku wakazi wakihofia kodi za mali zitakazowang'oa. Kati ya hadhi hizo mbili, hakuna iliyoweza kuizuia kura hiyo.

Watetezi wanaweza kujibu kwamba sheria inayogusa mali binafsi isingepita bungeni. Huenda ni kweli. Lakini hoja hiyo inaeleza tu chanzo cha pengo. Wasusi wa South Carolina hutegemea nyasi tamu ya pwani, na ujenzi wa makazi ya kifahari umewafungia njia za kuifikia. Ruzuku ya ushoroba inaweza kugharimia maonyesho ya vikapu vyao. Kufungua lango lililo kati yao na nyasi hiyo kumebaki hiari ya mwenye kiwanja.