Mguu wa Kushoto wa Jim Baxter

Katika mchezo wa kabumbu sifa aghalabu humwendea yule aliyeutia mpira wavuni, wala si dhuluma, kwani mabao ndiyo yahesabiwayo; walakini wako wachezaji wachache ambao ukiwatazama husahau hesabu, ukabaki kuuangalia mpira wenyewe jinsi unavyotoka mguuni mwao, uzito wake na mwendo wake, na jinsi unavyomkuta mwenzao pale anapoelekea. Fundi wa namna hiyo, na kwa nadhari yangu Uskoti haijapata kumzaa aliyemshinda, alikuwa Jim Baxter, kiungo wa upande wa kushoto, aliyezaliwa tarehe 29 Septemba 1939 katika kijiji cha Hill of Beath, jimboni Fife.

Hill of Beath kilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe, na Baxter naye katika ujana wake alishuka mgodini, huku akiichezea Crossgates Primrose, timu ndogo ya jirani, kabla ya kuchukuliwa na Raith Rovers mwaka 1957. Atakaye kuufahamu mchezo wake na aanze hapo chini ya ardhi, maana mtu aliyekwisha kufanya kazi ameinama gizani, kisha akapewa uwanja wa majani mabichi na mbingu juu ya kichwa chake, ana haki ya kutofanya haraka. Na mimi huamini, ingawa hili ni la moyo wangu tu, kwamba ule utulivu wake ambao baadhi ya watu waliuita uvivu ulikuwa furaha ya mtu aliyeona kwamba sasa ana nafasi.

Rangers ya Glasgow ilimnunua mwaka 1960 kwa pauni 17,500, na katika miaka mitano iliyofuata ikatwaa ubingwa wa ligi mara tatu, Kombe la Uskoti mara tatu, na Kombe la Ligi mara nne. Vikombe hivyo ni vya timu nzima, lakini mwendo wa timu ulitoka mguuni mwake, tena mguu mmoja, kwani wa kulia ulikuwa kama wa kusimamia tu. Kila beki alijua kwamba mpira utatoka kushoto, na kujua kwake kusimfae kitu. Baxter alikuwa mwembamba, ndipo wakamwita Slim Jim. Kukaba hakukupenda, mbio hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni subira. Mpira ukimfikia aliutuliza, akainua kichwa, akamngoja mpinzani. Na mpinzani, kwa kuona kitu kimewekwa wazi mbele yake, hushindwa kujizuia, akapiga hatua moja, nayo hatua hiyo ndiyo iliyokuwa ikingojwa, kwa kuwa imeacha mlango wazi nyuma yake, na mlangoni humo mpira hupenya, umepimwa kama sonara apimavyo dhahabu, ukamkuta winga Davie Wilson katika mbio zake bila ya kumlazimu kufupisha hatua wala kuirefusha. Kupiga pasi ndefu wengi waweza. Kuipiga ikatua laini, hilo ni jambo jingine, wala sidhani kwamba lafundishika kwa maneno.

Tarehe 6 Aprili 1963, Uskoti ilipocheza na Uingereza uwanjani Wembley, beki wa Waskoti Eric Caldow alivunjika mguu mchezo ukiwa mchanga, na kwa kuwa sheria za siku zile hazikuruhusu kumwingiza mwingine, Waskoti walibaki 10. Wakashinda 2 kwa 1, na mabao yote mawili ni ya Baxter, la pili kwa penalti. Oktoba ya mwaka ule ule aliteuliwa katika timu ya dunia iliyocheza na Uingereza, akavaa jezi moja na Di Stéfano, Puskás na Eusébio.

Lakini siku yake ni tarehe 15 Aprili 1967. Waingereza walikuwa mabingwa wa dunia, tena wamecheza mechi 19 bila ya kufungwa. Waskoti wakawafunga 3 kwa 2 papo hapo Wembley. Katikati ya mchezo ule Baxter, soksi zimemshukia vifundoni, aliuinua mpira akaupiga danadana, akitembea taratibu mbele ya mabingwa wa dunia kama mtu apitaye barazani kwake, kisha akampelekea mwenziwe. Nimeitazama filamu ya tukio hilo mara nyingi, na kila mara moyo hunienda mbio kwa ajili yake, kwa kuwa yeye mwenyewe haonyeshi kwenda mbio hata kidogo.

Denis Law, rafiki yake na mchezaji mwenziwe siku ile, alitaka mabao zaidi. Yeye alikuwamo mwaka 1961, Waskoti walipofungwa 9 kwa 3 katika uwanja huo huo, na jeraha lile lilidai fidia kwa hesabu. Baxter hakuwamo siku ile. Hakuwa na deni la kulipa, na kwake ushindi usioonyesha ufundi haukuwa umekamilika. Wako wanaosema hata leo kwamba alipoteza fursa ya kuwaaibisha Waingereza kwa mabao matano au sita. Mimi sisemi hivyo. Mechi zilizokwisha kwa mabao matano zimesahauliwa nyingi mno.

Na alipopiga danadana zile, mguu wake ulikuwa umekwisha kuvunjika. Disemba 1964, mjini Vienna, katika Kombe la Ulaya, aliiongoza Rangers kuishinda Rapid 2 kwa 0, akicheza kwa uzuri wa kupita kiasi, na mchezo ukikaribia kabisa kwisha akavunjwa mguu. Mwaka uliofuata aliuzwa Sunderland kwa pauni 72,500, kisha Nottingham Forest kwa pauni 100,000. Mwaka 1969 akarejea Rangers bure, na mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 31 tu, akaacha kucheza. Pombe ilimharibu, na kamari ikamla fedha. Sitaki kulificha, wala sitaki kulifanya hotuba.

Napenda zaidi kukumbuka kwamba katika Glasgow ya zama zile, ambapo Rangers haikuwa ikisajili Wakatoliki na mji ulikuwa umegawanyika kwa dini na rangi za jezi, yeye alifanya urafiki wa wazi na Pat Crerand na Billy McNeill wa Celtic, akastarehe nao bila ya kumwomba mtu idhini.

Mwaka 1994 alibadilishiwa ini mara mbili. Maradhi ya kongosho yakamchukua tarehe 14 Aprili 2001, mkesha wa siku yake ya Wembley. Miaka miwili baadaye sanamu yake ilisimamishwa Hill of Beath, na hapo amesimama, juu ya ardhi, katika kijiji ambacho wavulana wake hawashuki tena mgodini.